Mtani Hakasiriki

Itundilo, Igalula
14 Julai 2024

Mwanangu Wilbroad,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii ikukute mzima huko Ipuli, wewe na wenzako mliopanga nao nyumba. Sisi hapa tupo. Baba yako Ambrosi anakusalimu sana, nyonga inamsumbua asubuhi lakini jua likipanda anatoka mwenyewe na fimbo mpaka kwenye kiti chake. Bibi yako Benedikta anasema marahaba, hata kama hujamwamkia. Dada yako Flavia anakusalimu, na mtoto wake Elieth ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba. Jirani yetu Kabula anakusalimu. Mwenyekiti Masanja na mkewe wanakusalimu. Mbuzi wako mweupe amezaa, naye nakusalimia kwa niaba yake. Kuku hawana salamu, kicheche amewamaliza.

Nimeandika kwa sababu simu inashika juu ya kichuguu cha nyuma ya shule tu, na pale ukisema neno moja watu wanakujibu kabla ya uliyempigia. Haya yangu si ya kichuguuni. Nimempa Lugembe wa bodaboda, anapeleka asali Igalula, ataipandisha gari la Tabora. Uvumilie mwandiko, mimi shule yangu iliishia darasa la nne na unajua.

Mwanangu, nimekasirika. Nimekasirika hata ugali haushuki.

Jumatano walikuja watu wa barabara. Ni kampuni, inataka kuchonga barabara kutoka hapa kwetu hadi stesheni ya Igalula, ikate katikati ya msitu wa hifadhi. Kwa kuwa ni hifadhi, lazima wananchi waulizwe kwanza. Basi tukaitwa uwanja wa shule kutoa maoni. Nikavaa khanga yangu ya Pasaka. Nilikuwa na maoni.

Mkubwa wao anaitwa Bwana Issa, Mzaramo, mnene, mcheshi. Kushuka tu garini akasema, "Mwangaluka!" Watu kicheko, mgeni kaamkia Kinyamwezi. Akaendelea, "Wanyamwezi, watani zangu! Babu zenu walibeba mizigo ya babu zangu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Leo nawaletea gari liwapumzishe vichwa, mbona mnanuna?" Masanja naye akamjibu, "Mzigo wenyewe alikuwa babu yako, alibebwa huyo!" Basi mkutano ukawa ngoma.

Nikasimama. Nikasema, mimi Adelina, barabara hiyo mliyoipiga mstari inapita kwenye mizinga yetu. Mizinga ile aliitundika mume wangu, na tangu aanguke ndiyo inatulisha, kibali cha kufugia nyuki humo tunacho. Malori yakipita pale nyuki watahama, na kabla nyuki hawajahama mininga, miti ile ya mbao ghali, itakuwa imeshahama juu ya malori. Nikasema ipitisheni njia ya wapagazi, ile ya zamani inayozunguka msitu. Sikumaliza.

"Aa! Huyu ndiye mke wangu!" Bwana Issa huyo. "Mnamwona? Ananikataa mbele za watu ili nipandishe mahari!"

Nikamwambia sitanii. Akasema, "Mtani akisema hatanii, hapo ndipo utani umekolea." Kisha akauliza, "Na mume mwenzangu yuko wapi? Yule aliyedondoka mtini kama mzinga uliooza?"

Uwanja mzima ulianguka kicheko. Baba yako mwenyewe kwenye kiti chake alicheka mpaka akakohoa. Angefanyaje? Mtani hakasiriki. Mtani atakuja msibani kwako alale kaburini kabla ya maiti, atachukua sufuria ya msiba ikiwa jikoni na hairudishi mpaka uikomboe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo nilisimama pale, kila neno nililotoa likawa kichekesho. Nikakaa. Akamgeukia msichana wake wa kuandika, akamwambia, "Andika: wananchi wameupokea mradi kwa furaha."

Sasa wewe uko mjini, maofisi unayajua. Nitafutie ofisi ambako hakuna mtani, nikaseme neno langu lisikike kuwa ni neno. Na jingine linaninyima raha. Mgeni yule hajawahi kufika kwetu. Nani alimwambia kuwa baba yako alianguka?

Nijibu upesi, mwanangu. Lugembe anashuka Igalula kila Jumatano na Jumamosi.

Mama yako,
Adelina


Ipuli, Tabora
21 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo baba, shikamoo bibi. Flavia mambo, na huyo mng'ataji mbusu kwa mbali.

Barua nimeipata. Pole kwa hasira, ila mama usiweke rohoni, ule ni utani tu na mzee mwenyewe umesema alicheka. Kuhusu ofisi, nimeuliza. Maoni yakishapelekwa ndiyo yameshapelekwa. Habari za baba kuanguka nani hazijui? Kijiji chote kinajua, mtu yeyote angeweza kumwambia.

Na mimi naona tusiikatae hiyo barabara kwa haraka. Fikiria nyonga ya mzee.

Mimi kazi ipo, nabeba mizigo ya watu hapa hapa mjini. Nimewatumia dawa ya kuchua ya baba, ndara zako, na sabuni.

Mwanao,
Wilbroad


Itundilo
28 Julai 2024

Wilbroad,

Salamu nimewaachia wenye nafasi.

Siku ya mkutano Kabula alikwenda kuchota maji kwenye bomba la shule. Gari la watu wa barabara lilikuwa limeegeshwa getini, na dereva amelala kiti cha mbele, kofia usoni. Kofia ya bluu. Mimi ndiye niliyeishona ilipofumuka. Kabula amekaa na jambo hili siku zote hizi akiona aibu kuniambia mimi. Ameona aibu yeye! Wewe uliyelala chini ya kofia hatua chache kutoka kwa mama yako, ukasikia wanavyomcheka, ukageuka upande wa pili, aibu uliiweka wapi? "Nabeba mizigo ya watu hapa hapa mjini." Mzigo wenyewe ni Mzaramo!

Na "mzinga uliooza" nimekumbuka lilikotoka. Krismasi. Tunakula, baba yako ndiyo kwanza anaanza kukaa, wewe ukasema, "Mzee ulidondoka kama mzinga uliooza." Tukacheka. Tulicheka kwa sababu ni wewe, na kwa sababu alikuwa hakufa. Kicheko kile kilikuwa cha humu ndani. Umekichukua ukampa mtu akatupige nacho uwanjani.

Unaniambia nifikirie nyonga ya mzee. Mimi! Mimi ninayemgeuza kitandani! Nani kakuambia sitaki barabara? Naitaka kuliko wewe. Nimesema ipite njia ya wapagazi. Babu zetu walikwenda na kurudi Bagamoyo kwa miguu na hawakukata msitu ule, gari litashindwa nini kuuzunguka?

Nikueleze na nilichokiona. Juzi nilikwenda kutazama mizinga. Mininga imepakwa rangi nyekundu. Si ile iliyo kwenye mstari wao tu, hata ya kule bondeni, mbali, ambako hata baba yako alikuwa haendi peke yake. Barabara gani hiyo inayopita bondeni, na mlimani, na kila penye mninga?

Mungu si Issa. Bwana misitu wa wilaya ameirudisha taarifa yao. Amesema kijiji kizima hakiwezi kukosa hata mtu mmoja wa kupinga, anataka mkutano wa pili na atakuja mwenyewe. Ni Jumamosi ya tarehe kumi. Nitakuwepo.

Ndara zako nimempa Kabula. Dawa baba yako anaitumia, sikumwambia imenunuliwa na kazi gani. Yeye hajui. Nimeshindwa kumwambia.

Jibu.

Adelina, aliyekuzaa


Ipuli
3 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo.

Ndiyo. Ni mimi. Bosi aliniuliza njiani, hawa ndugu zako wakoje? Nikamwambia ni watu wa utani, anza na utani, hawatagombana na wewe. Habari za mzee zilinitoka katika mazungumzo, njia ilikuwa ndefu. Sikujua atakwenda kuzisema vile. Nilijificha kwa sababu nilijua ukiniona tu ungeniita mbele za watu, kama unavyoniita mpaka leo, "Wili, njoo umsalimie mgeni."

Lakini mama na wewe nisikilize. Siku aliyoanguka mzee, wewe ulishika kichwa chake. Mimi nilikuwa nasukuma ile baiskeli. Kila shimo alikuwa analia, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia baba analia. Tulipofika Igalula daktari akasema mngewahi. Mngewahi! Tungewahi na nini? Tangu siku ile nikisikia neno barabara siulizi inapita wapi. Wewe unawaza nyuki. Mimi nilimwaza yeye.

Hiyo rangi ni alama za wapimaji. Usiende kujitafutia maneno msituni.

Nakuomba kitu kimoja. Tarehe kumi usisimame. Safari hii nitakuja wazi, nitakuwa kwenye gari, na bosi anajua sasa wewe ni mama yangu. Ukianza fujo, kazi yangu imekwisha. Kaa tu, mama. Wengine watasema.

Wilbroad


Itundilo
11 Agosti 2024

Wilbroad,

Tumsifu Yesu Kristo. Bibi yako anasema marahaba. Baba yako leo siku nzima anatazama njia.

Jana uliondoka bila kunusa hata mlango wa nyumbani kwenu. Uliniona, ukanipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Ulikuwa kule getini na gari, hukusikia yaliyosemwa, na sitaki uyapate kwa Bwana Issa. Yapate kwangu.

Uliniomba nikae. Nilikaa. Nimekaa mstari wa mbele, mikono mapajani, nikasema haya, mwanangu kaniomba. Bwana Issa akaanza tena na mwangaluka yake, na bwana misitu kakaa pembeni anaandika. Lugembe akanyoosha mkono, akasema vumbi la malori litaingia kwenye visima. Bwana Issa akamwambia, "Wewe Mnyamwezi umeanza lini kuogopa vumbi, si ndiyo poda yenu?" Kicheko. Kabula akasimama, mnyonge wa watu yule hajawahi kusema mkutanoni tangu azaliwe. Akasema ana mizinga minne tu. Bwana Issa akamjibu, "Minne? Njoo kwangu uwe wa nne." Kicheko. Kabula akakaa akajifunika uso na khanga. Hapo ndipo niliposhindwa kukaa.

Ufunguo wa gari alikuwa ameuweka mezani juu ya karatasi zake zisipeperuke. Nikaenda taratibu, nikauchukua, nikaufunga kwenye ncha ya khanga, nikarudi nikakaa.

Akacheka. "Haya, mke wangu kaanza kunifilisi!" Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mtani akichukua, kinakombolewa." Akasema sawa, akatoa peremende mfukoni, akanipa. Nikala. Ufunguo sikutoa. Akacheka tena, kidogo. Akasema hadithi, akasema maombi, akajifanya analia. Mimi nimekaa. Jua likapanda, karatasi zikapeperuka, msichana wake akawa anazikimbiza uwanjani. Nikamwona Bwana Issa anakuja kwako getini, mkazungumza, akarudi amekunja ndita. Sijui ulimwambia nini juu yetu safari hii. Kila unapoongea na mtu yule mimi ndiye ninayeumia.

Akasimama mbele yangu. "Mama, lete ufunguo." Nikasema mtani hakasiriki. "Lete ufunguo, nina safari!" Nikasema, "Mume wangu kanuna, ndiyo anapandisha mahari." Watu wanapasuka. Basi akapiga meza, akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa, "Mama, mimi sitanii! Hili si jambo la mzaha, hii ni kazi yangu, ninakula kwa kazi hii!"

Uwanja ukanyamaza. Hata watoto.

Nikamwambia, "Sema tena, bwana misitu aandike." Nikasimama mimi. Nikasema, na mimi Jumatano ile sikutania. Na mimi ninakula kwa kazi ile. Nilikuambia ukacheka. Kabula kakuambia ukacheka. Umekasirika kwa ufunguo mmoja unaojua utarudi. Sisi mwenzetu unatuchukulia kisichorudi, halafu tusinune? Utani ni wa watu wanaozikana. Wewe ukituua, utakuja kuzika?

Bwana misitu akaniambia, "Mama, rudia lile la mwanzo, la njia." Nikarudia, hakuna aliyecheka. Kabula akasimama tena. Lugembe. Mwishoni mwenyekiti Masanja naye, aliyekuwa akicheka kuliko wote, akasema kijiji kinataka barabara, lakini kinaitaka njia ya wapagazi. Bwana misitu akasema mstari ule wa katikati hautaguswa mpaka ile ya zamani ipimwe. Hajasema tumeshinda. Kasema itapimwa. Nikafungua khanga, nikampa Bwana Issa ufunguo kwa mikono miwili, nikamwambia umekombolewa.

Nikadhani utashuka garini. Mkaondoka na vumbi.

Niambie ulimwambia nini pale getini. Niambie sasa hivi, usinizungushe.

Mama yako


Ipuli
15 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo.

Alikuja getini akaniuliza, "Wilbroad, ufunguo wa akiba uko wapi?" Gari la kazi lina funguo mbili mama, mmoja hukaa na dereva. Nikamwambia umebaki Tabora, ofisini.

Ulikuwa mfukoni mwangu. Nimekaa juu yake mpaka ukanichoma paja.

Sikujua utafanya nini, na maneno sikuyasikia kule, ulisema kweli. Nilisikia kicheko, nikakijua, ni kile kile cha mara ya kwanza. Halafu nikasikia kimya. Sikushuka kwa sababu ningeshuka ningelia, na bosi alikuwa anakuja.

Nyekundu ile si ya wapimaji. Wapimaji tuliokuwa nao garini niliwauliza njiani tukirudi, wao rangi yao ni nyeupe. Bosi akaniambia nitazame barabara. Jumatatu nikampigia bwana misitu nikamweleza ulipoiona. Anakwenda kuangalia.

Jumatatu hiyo hiyo nilirudisha funguo zote mbili pamoja. Ningeweza kuuficha ule wa pili. Bwana Issa akaziangalia, akaniangalia. Jumanne nikaambiwa nisirudi.

Usimwambie mzee.

Wilbroad


Itundilo
18 Agosti 2024

Mwanangu Wilbroad,

Tumsifu Yesu Kristo. Bibi anakusalimu, Flavia anakusalimu, Elieth jino la tatu, Kabula anakusalimu kutoka ndani ya ndara zako.

Mzee nimemwambia. Barua zote, na ya kofia, na ya Krismasi. Nimeficha siri za kutosha mwaka huu. Alicheka pale pa paja, akakohoa. Akasema, "Kwa hiyo alisikia nikilia." Nikasema alisikia. Akaomba fimbo yake.

Mimi bado nimekasirika. Usifikiri ufunguo mmoja umefuta. Kumfanya baba yako achekwe mbele za watu hakukombolewi kwa barua, njoo umtazame usoni umwambie mwenyewe. Kazi utapata nyingine, na kama hupati, hapa asali ya mizinga ya juu haijatolewa, mimi nafika matawi ya chini tu na Kabula anaogopa hata ngazi. Bwana misitu amefika, ameiona rangi. Upimaji wa njia ya wapagazi haujaanza. Wanaweza kurudi na mcheshi mwingine, na safari hiyo nakutaka ukae upande wangu wa uwanja, kichwa wazi, bila kofia.

Lugembe anashuka Igalula Jumamosi, atakungoja stesheni mpaka jioni. Nijibu kabla ya hapo, neno moja tu, unakuja au huji. Na usinitanie.

Mama yako,
Adelina